Abee ya Kitinda

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ugenini huko, Kitinda alipewa jembe siku ile ile aliyofika, kisha wakamnyang'anya sauti. Alikuwa fundi wa kurekebisha nguo, mwaka wa sita sasa kwenye duka lile lile, na kwa kupunguza suruali hakuna aliyemfikia. Kosa lake moja tu: mama yake alimpigia simu kila mchana.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Wajukuu aliwachanganya, na marehemu mumewe bado alimwekea chakula. Kitu kimoja tu hakikumtoka. Akiita "Kitinda!", kitindamimba wake aitike "Abee, mama," kwa kuvuta, kama alivyomfundisha tangu yuko mdogo. Mtoto akiitwa haulizi kuna nini, huitika kwanza. Sauti ya mwanawe mama hakuitambua tena, ila abee ile aliijua, na Kitinda aliitunza kama mboni ya jicho.

Wiki iliyopita mteja mmoja alimsikia akicheka kwenye simu, akaapa kwamba anachekwa yeye na kiuno chake. Kumbe mama alikuwa anasimulia habari za kuku aliyetaga ndani ya kofia ya jirani. Kiuno chenyewe wala hakikuwa na la ajabu. Mwenye duka, mwanamke asiyetaka kesi, akamwita Kitinda pembeni.

"Mbele ya wateja, lugha yetu tu," alisema. "Hiyo yenu inawatia watu wasiwasi."

Mtu mzima na akili zake kutiwa wasiwasi na salamu za kikongwe! Lakini kazi ni kazi, na Kitinda akameza.

Leo simu iliita wakati mteja yule yule amesimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini. Kitinda akaipokea huku ameinamia pindo.

"Kitinda!"

"Nakusikiliza," alinong'ona kwa lugha ya pale.

"Kitinda?" mama aliita tena.

"Nakusikiliza, tafadhali," akanong'ona tena, kwa lugha ile ile.

"Samahani, bibi," mama alisema, kwa ile adabu aliyowawekea watu baki. "Nimekosea namba. Namtafuta mwanangu."

Akakata.

Kitinda alibaki amepiga magoti, pini mkononi. Mama yake mzazi amemwita bibi. Aliukumbuka mlango wa jikoni kwao, na wito uliokuwa ukimkera utotoni mchezo ukiwa umenoga, akautamani. Na kama kesho mama asipige? Kama akasahau kwamba yupo wa kumpigia? Liwalo na liwe. Akampigia.

"Nani mwenzangu?"

"Niite, mama. Sema Kitinda."

"Kitinda?" mama alisema kwa kusitasita.

"Abeee, mama."

Duka zima liligeuka. Mteja akashuka kigodani na pini zake.

"Ulikuwa wapi wewe?" mama aliuliza. "Kuna mwanamke mgeni ameshika simu yako."

"Ameshaondoka, mama."

"Asiiguse tena. Hata kuitika hajui."

Mwenye duka alikuwa anakuja, uso umemkunjamana. Kitinda alimwona, akaikaza simu sikioni.

"Niite tena, mama," alisema.