Saruji Isiyopoa

Mardhiya aliloweka vibao vya saruji ndani ya pipa, uani kwake, mtaa wa Langoni kisiwani, na kila asubuhi alimwaga maji akatia mengine. Saruji mpya ina ukali. Ukifunga maua ya okidi juu yake kabla ukali haujatoka, mizizi huungua. Vibao alivifinyanga mwenyewe kwa saruji, mchanga na makumbi ya nazi, akawauzia wenye nyumba za wageni. Safari hii maji yalitoka vuguvugu, kama ya kumwoshea mgonjwa, na kila alipoyabadilisha yalipata moto tena.

Saruji hiyo aliletewa na Bwana Wazir, mkandarasi, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Bakr, mumewe Mardhiya, alikuwa fundi wake kwenye gati la hoteli mpya upande wa bara. Siku walipomimina zege la nguzo, Bakr hakurudi nyumbani. Aliyekuja ni Wazir, na nusu mfuko wa saruji uliobaki siku ile, kumpa pole.

"Bakr kenda ndia zake, Bi Mardhiya. Wanaume ndivyo tulivyo."

Mafundi wenzake walijua alikoangukia. Walijua pia nani anawalisha, wakafyata ulimi mbele yake, wakanong'ona vichochoroni tu.

Basi Mardhiya hakuwa mke wala mjane. Hakutaka makubwa, maskini: mumewe aswaliwe, naye akae eda kama wanawake wenzake. Nguo za eda alikwisha kuzishona.

Mwishowe alizifunga okidi hivyo hivyo, nazo zilishika upesi. Mizizi ilipotambaa, saruji nayo ilijipanga chini yake: kibao kimoja kikawa kiganja, kingine bega, kingine sikio la kushoto lenye kovu la utotoni. Mardhiya aliviangika ukutani, kila kiungo mahali pake. Majirani walioingia kuomba chumvi walimwamkia Bakr kwanza. Bi Khairiya wa nyumba ya pili alilalamika tu kwamba amekonda.

Mardhiya alimwita Sheikh Uthman aje amswalie. Sheikh alivua viatu, akashika kiganja cha saruji, nacho kikamshika. Alikaa nacho kitambo, akisoma kimoyomoyo.

"Ndiye Bakr, sina shaka," alisema. "Lakini mkono una moto, kama wa aliye hai. Mwenye moto siwezi kumswalia janaza."

"Wamemfukia ndani ya nguzo, Sheikh."

"Hilo mwulize Wazir."

Wazir aliitwa, akaja na mafundi wawili. Alimtazama Bakr toka kichwani mpaka miguuni, pamoja na maua meupe yaliyochanua kifuani. Akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe yuko nyumbani kwake!" aliwaambia mafundi. "Yeo mumemuona kwa mato yenu. Asiniambie mtu tena kuwa yumo ndani ya nguzo yangu."

Mafundi walikiri kwamba wamemuona. Mmoja alikuwa akilia, lakini alikiri.

Wazir aliagiza okidi za kupamba gati siku ya ufunguzi, akaaga kwa adabu.

Gati linapokea wageni sasa. Nguo za eda zimo sandukuni. Kila alfajiri, akishaswali, Mardhiya huenda uani akamshika mumewe mkono, akimwomba Mungu aukute umepoa. Huukuta ungali na moto. Basi huchota maji, akamnyweshea mizizi.