Kitoga wa Jumanne

Binamu yangu Brigita nilimwita Gunia, naye aliniita Pancha. Kwa miaka thelathini na kitu hakuna kati yetu aliyelitamka jina la ubatizo la mwenzake. Utani wa mabinamu kwetu ndivyo ulivyo. Mama yangu na baba yake wamelala tumbo moja, kwa hiyo nina ruhusa ya kumwambia lolote, mbele ya yeyote, naye hana ruhusa ya kununa. Baba yake alipofariki kule kijijini kwao, Mofu, nilivaa koti lake na kofia yake, nikazunguka matangani nikikohoa kama alivyokuwa akikohoa, nikidai chakula changu kimechelewa. Brigita alikuwa amelala mkekani analia. Alicheka mpaka akaketi.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara, karibu na soko. Shule sikufika mbali. Niliyoyajua nilifundishwa na ngozi yangu, na somo moja ndilo linalohusika hapa. Mwaka 1988 nilianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Sanje, mguu ukavunjika, nikapelekwa kupasuliwa. Nesi akasema nisile kitu. Mimi, kwa ujanja wangu, nikamwomba mama ugali kidogo, nikaumeza chini ya shuka. Niliposinzishwa ule ugali ukapanda, ukakosea njia, ukaingia mapafuni. Nilikaa wiki tatu kitandani nikikohoa damu, na padri alikuja kunipaka mafuta mara mbili. Mara ya pili nilimwambia asizidishe, mimi si cheni.

Sasa Gunia. Alikuwa na ngiri ya kitovu. Ilianza kama ndimu baada ya mtoto wa tano, na kufikia mwaka 1996 ilikuwa chungwa. Akiinama kupandikiza mpunga inatoka, inambidi alale chali kwenye jaruba, matope mgongoni, airudishe kwa kiganja. Mimi nikipita nasema kiboko amepanda nchi kavu, nipeni mkuki.

Kilichomuuma kuliko maumivu kilikuwa kikapu. Kila mwaka, Misa ya mavuno, akina mama wa Mofu hupeleka mpunga mpya altareni wakicheza, vikapu vichwani, mikono imeachiwa. Brigita ndiye aliyekuwa mbele miaka yote. Mwili wote ule, na kikapu hakitikisiki. Ngiri ilipokua akaambiwa asibebe kitu, akakaa benchi na bibi vizee misimu miwili. Mwanamke aliyechukua nafasi yake, Konsolata, alicheza kama anakanyaga siafu. Gunia aliniapia kwamba hatakaa benchi mara ya tatu.

Daktari wa upasuaji alimpima akamwambia wazi: apunguze kilo kumi na mbili kwanza, kwa sababu uzi haushiki vizuri kwenye tumbo zito, ngiri itarudi. Arudi baada ya miezi mitatu.

Kilo kumi na mbili kwa mwanamke wa Mofu, samaki mtoni na mchele ghalani, si jambo la mchezo. Mwezi wa kwanza nilimpima kwenye mizani ya mashine ya kukoboa, ile ya magunia, na alikuwa ameongeza kilo moja. Nilimpa pole, nikauliza kama tumkoboe.

Ndipo akatokea Obed. Alikuwa mtu wa pikipiki na begi la ngozi, akivuka na pantoni kutoka upande wa Lupiro, na alijiita daktari. Akawaambia akina mama kwamba ana sindano za kuyeyusha mafuta, zimetoka ng'ambo, mtu anajichoma pajani asubuhi na jioni, na njaa inakufa yenyewe. Akawaonya wasiseme hospitalini, maana wa hospitali wana wivu, watawafutia matibabu.

Brigita aliniambia mimi peke yangu. Si kwa mapenzi. Alisema anahitaji mtu mmoja wa kumwambia, na mimi hata nikitangaza sokoni, nani atamwamini mtani?

Nami nilicheka, kosa langu hilo. Nilidhani ni maji ya chumvi.

Lakini sindano zilifanya kazi. Anakula vijiko vitano, anasukuma sahani. Mdomo ulimkauka mpaka matusi yake yakawa yanachelewa kutoka. Mizani ya mashine ikaanza kushuka. Miaka ile mtu akikonda watu walinong'ona jambo moja tu, na wapo walioanza kumsalimia kwa huruma, kichwa upande. Yeye akawaambia wasijisumbue kununua sanda, yuko njiani kurudi mbele ya foleni ya vikapu.

Katikati ya mwezi wa tatu alikuwa ametoa kilo kumi na moja. Daktari akasema zinatosha, apasuliwe Alhamisi.

Jumanne alifika kwangu. Mke wangu Careen alipika kitoga, samaki wa mtoni aliyekaushwa kwa moshi, kwa nazi, limau na pilipili nyingi, pamoja na wali. Gunia alikula kipande kizuri, cha kuaga, alisema. Jumatano alikunywa chai ya rangi tu. Mchana nikampakia kwenye keria nimpeleke hospitali. Barabara ilikuwa imechimbika kwa mvua, na kila tukigonga shimo nilisikia kitu nyuma yangu: chubwi, chubwi. Kwa kazi yangu nazijua sauti za keria. Ile ilikuwa sauti ya debe la maji lisilojaa.

Nikamuuliza kama amebeba kisima. Akanipiga kofi la mgongo.

Pale mapokezi niliwaambia tumekuja kuzalisha, mama ana mapacha wa kiboko. Walicheka sana, na kicheko kile ndicho kilichotaka kumuua binamu yangu kesho yake.

Alhamisi asubuhi niliingia wodini na kumkuta tayari juu ya kitanda cha magurudumu, amevalishwa gauni la kijani. Nesi wa dawa za usingizi, mama mmoja mtulivu aitwaye Merina, alikuwa ameshamuuliza maswali yake. Umekula? Hapana, tangu juzi. Unatumia dawa yoyote? Hapana. La kwanza lilikuwa kweli.

Nikainama kumnong'oneza kwamba akifa nitamrithi jembe. Akafungua kinywa anijibu, na badala ya jibu ikatoka cheuo.

Nilisimama wima. Ilikuwa limau, pilipili, moshi. Kitoga wa Careen. Wa Jumanne.

Sina elimu ya tumbo. Lakini najua pampu iliyoziba, na najua mtu ambaye amekaa siku mbili bila kula hatakiwi kunuka mlo wa juzi kana kwamba ameshuka mezani sasa hivi. Nikakumbuka lile debe la keriani. Nikakumbuka ugali wangu chini ya shuka.

"Dada nesi," nikasema, "huyu ana samaki tumboni."

Merina akatabasamu. Alikuwa amesikia habari za mapacha wa kiboko.

"Usimsikilize," Brigita akamwambia. "Ni mtani wangu huyo. Tangu azaliwe hajasema neno la kweli."

Nikasema tena, kwamba anachomwa sindano za kukondesha, za barabarani, kwamba chakula hakishuki. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanisihi nimwache mama wa watu. Mhudumu akaanza kusukuma, magurudumu yakalia. Gunia mwenyewe alikuwa ananikonyeza, akidhani ninamsindikiza kwa mbwembwe. Miaka thelathini nilikuwa nimejijengea ukuta wa vichekesho, na sasa nilikuwa ndani yake napiga kelele.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa hatua kumi mbele. Nikaenda nikashika chuma cha kitanda. Nikavua kofia.

"Brigita," nikasema.

Kitanda kikasimama, kwa maana yeye ndiye aliyeudaka mkono wa mhudumu. Kicheko kilimtoka usoni kama mtu aliyezima taa.

"Umeniitaje?"

"Brigita. Binti wa mjomba. Mwambie nesi habari za sindano."

Kwetu, mtani akikuita kwa jina lako, ameuweka utani chini, na hauwekwi chini ila mmoja wenu anachungulia kaburi. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa fundo la khanga, akalifungua. Ndani kulikuwa na bomba la sindano na vichupa vitatu. Kimoja kilikuwa kitupu.

"Hiki nimechoma leo alfajiri, chooni," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka mizani isiniaibishe."

Merina akakichukua, akakisogeza dirishani, akasoma. Hakucheka tena. Akauliza amechoma kwa muda gani. Akajibiwa wiki sita, asubuhi na jioni. Akamgeukia mhudumu akamwambia arudishe kitanda, kisha akaenda kumwita daktari, naye hakutembea, alikimbia.

Baadaye Merina alitueleza polepole, sote wawili, kama watoto wa darasa la kwanza. Dawa ile haiyeyushi mafuta yoyote. Ni dawa ya kutuliza msokoto wa tumbo. Mtu hupewa kidogo, kwa siku chache. Ukiichoma kila siku kwa wingi ule, tumbo linalala usingizi. Chakula kinaingia hakitoki. Njaa haiji kwa sababu mlo wa juzi bado umekaa kwenye kiti. "Na mimi ningekulaza nikiamini tumbo ni tupu," akasema. "Kingepanda na kuingia mapafuni kabla sijafumba na kufumbua."

Nikamwambia hapo ananisimulia kisa changu.

Walimpitisha mpira puani mpaka tumboni, wakavuta. Mimi nilisimama pembeni nimeshika beseni, kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Yakatoka maji ya chai, zikatoka punje za wali, nzima nzima, kisha vipande vya kitoga na kijinyuzi cha pilipili. Daktari alichungulia beseni, akamtazama mgonjwa, akauliza alikula lini.

"Jumanne mchana," Brigita akasema kupitia puani, machozi yakimtiririka.

"Leo Alhamisi," daktari akasema. Alikaa kwanza kwenye kiti.

Upasuaji ukaahirishwa wiki tatu. Gunia akawekwa kwangu, chini ya ulinzi wa Careen: uji mwepesi, supu, mboga, mlo mdogo mara nyingi. Siku ya nne, asubuhi, nikasikia sauti uani, akiuliza kwa hasira kwa nini nyumba hii watu wanaamka na hakuna harufu ya chakula. Tumbo lake lilikuwa limeamka. Careen alipiga kigelegele peke yake jikoni.

Kutembea nilimsimamia mimi. Kila alfajiri nilimfuata na baiskeli taratibu mpaka njia ya mtoni na kurudi, nikipiga kengele kila akipunguza mwendo. Watu wa soko wakazoea, wakawa wanamshangilia kama timu. Mizani ya mashine haikupanda, na ile kilo moja iliyobaki ilitoka kwa miguu yake.

Akapasuliwa siku ya Jumatatu. Merina alimuuliza maswali yale yale, na safari hii yote yalijibiwa kweli, na mimi nikaulizwa pia, jambo ambalo halijawahi kunitokea katika ofisi yoyote. Nilingoja nje nikisugua kofia. Alipofumbua macho wodini, maneno ya kwanza yalikuwa:

"Pancha."

"Naam, Gunia."

"Uliniita jina langu mbele za watu. Utaleta jogoo."

Nilileta. Alimla na watoto wake, mimi nikapewa shingo.

Yeye hakuishia hapo. Alipopata nguvu alikwenda kivukoni siku ya gulio, akapanda juu ya gogo pantoni ikisubiriwa, akainua kile kichupa kitupu. Akaeleza yote, na choo, na mto, na beseni, bila kujificha popote. Alisema aliogopa kuaibishwa na mizani akataka kuaibishwa na jeneza. Watu wakacheka, na katikati ya kicheko mwanamke mmoja Msukuma, Masalu, akafungua pindo la khanga yake akatoa vichupa vyake. Halafu mwingine. Walifika saba. Wiki iliyofuata, Obed aliposhusha pikipiki kutoka kwenye pantoni alikuta wanawake wanamngoja kwa utulivu, kila mmoja na boksi lake mkononi, na mgambo amesimama katikati yao. Tangu siku hiyo pikipiki ile inabeba barua za kijiji.

Misa ya mavuno ilikuwa mwezi wa nane. Daktari alikuwa amemruhusu kubeba, kikapu kidogo. Kidogo cha daktari na kidogo cha Gunia havifanani. Ngoma ilipoanza pale mlangoni kila mtu aligeuka. Alikuja mbele ya foleni, Konsolata nyuma yake akijaribu kufuata, kikapu cha mpunga kichwani, mikono imeachiwa, mabega yakizungumza peke yao. Kikapu hakikutikisika. Vigelegele vilianzia mabenchi ya bibi vizee, wale aliokaa nao misimu miwili, na wao ndio waliochelewa kunyamaza.

Mimi nilikaa kando ya njia na Careen, macho yananiwasha, nikisingizia ubani. Akanifikia, akapunguza hatua bila kuvunja mdundo, akasema bila kunitazama:

"Pancha, funga mdomo, inzi wanaingia."

Na akapita, akapanda kuelekea altareni.