Kitabu kwa Baba Asiyeona

…na kama ni tusi basi na liwe tusi, atamnunulia, tena kinene, tena chenye maandishi madogo kama chawa wa kuku, nani kasema mtu akipofuka anavuliwa na vitabu vyake kama askari anavyovuliwa vyeo, simu kaibana kati ya sikio na bega, vitabu vimemfika kidevuni, rafu mbele yake imejaa mpaka juu, na ndani ya simu dada yake mkubwa hapumui, “wewe unanisikia lakini? Baba haoni, haoni hata mkono wake, unamnunulia kitabu akifanyie nini, akilalie?”, akilalie, ndiyo, wako watu wanaolalia mabaya zaidi, yeye mwenyewe kalalia magunia ya viazi kwenye meli za watu nusu ya maisha yake na shingo bado ipo, “mnunulie redio,” redio! nyumba ile ina redio mbili tayari, moja inakoroma na nyingine inahubiri, na mzee katikati yake kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa bandarini, hapana, redio hainunuliwi, dada akitaka ya tatu aimbe mwenyewe… “Umepata, kaka?” mwenye duka huyo, mama mpole mwenye miwani inayoning’inia kifuani kwa uzi, “bado, mama, nachagua,” anachagua! mpishi wa meli anachagua vitabu, samaki mbichi anamjua kwa jicho na nyama kwa harufu, kitabu kinajulikana kwa nini, akakinusa kimoja, kikanuka gundi, akamwona mama anamtazama, akajifanya anapiga chafya… “halafu mwenyewe kasema,” dada alikuwa ameshusha sauti sasa, “kasema vitabu vyake nivigawe vyote, walimu wa shule wanakuja kesho kuvichukua, kasema hataki kukaa na vitu vinavyomcheka,” kasema? Baba? mtu aliyekuwa akiikunjua karatasi iliyofungiwa sabuni aone habari imeishiaje, mtu aliyesoma msibani, aliyesoma akinyolewa mpaka kinyozi akamkata sikio naye akauliza tu kurasa zimelowa au hazijalowa, huyo kasema vigawiwe? basi hata Baba ana makosa, ugomvi umeongezeka mtu mmoja, hagawi mtu kitu pale, presha ya macho imechukua macho, haikupewa na rafu… maana nyumba ile ilikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa bila bakora, anayeosha vyombo ndiye anayesomewa, Baba akitoka kazini anavuta kigoda mlangoni mwa jikoni, anafungua alipoishia, anasoma kwa sauti yake ile ya kukwaruza, na anasoma maadamu maji yanalia, mkono ukisimama sauti inasimama, “maji siyasikii,” anasema, na jambazi anabaki ananing’inia kwa vidole ukingoni mwa jabali mpaka mtu ashike sahani nyingine, ndiyo maana watoto wa nyumba nyingine walipigana kukwepa vyombo na wa nyumba ile walipigana kuviwania, na yeye, kitinda mimba, fundi wa hila, alikuwa anazipaka masizi sahani safi ili sura ifike mwisho, matokeo yake ndiyo haya, “nimelea msomi,” mzee huwaambia wageni, “akanitokea Masufuria,” na jina likamganda, Masufuria, amelizungusha dunia nzima, na katika kila jiko la meli alipofungua bomba sikio lake lilitega lenyewe, mjinga kabisa, maji yanalia na hakuna anayesoma… akakifungua cha juu, midomo ikaanza kucheza, mstari wa tatu ukamkwaza kama mbuzi aliyekanyaga dimbwi, akakirudisha, akafungua kingine, sentensi ndefu, pumzi ikaisha kabla ya nukta, akakirudisha, cha tatu kikateleza, kikapanda, kikashuka, akajikuta anakisoma kwa sauti, “nani anaongea hapo?” akauliza dada, ni nani kweli, ndipo akaelewa kwamba muda wote huu hakuwa anachagua kitabu cha macho ya mtu, anachagua cha mdomo, na mdomo wenyewe ni huu wake wenye pengo, unaojua kutukana kwa lugha saba na haujui kupumzika kwenye koma… basi atasoma vibaya, mzee atakereka, vizuri, akereke, mtu anayekereka hajawa mzigo, “rudia hapo, umeruka!” atabweka, lakini atabweka akiwa wapi? kwenye kile kiti? hapana bwana, sheria ni sheria, hasomewi mtu aliyekaa bure, dada kampiga marufuku jikoni tangu avunje bilauri, kwani mikono nayo imepofuka? taa za melini zikizimika yeye huosha masufuria gizani, mafuta yanajitambulisha zaidi kwenye kidole kuliko kwenye jicho, mzee atasimama pale penye maji, atapapasa, atasugua, na mkono ukisimama Masufuria naye atanyamaza, vikivunjika na vivunjike, sahani zinauzwa kila mji, yeye ni shahidi, na kama likizo itakwisha kitabu kikiwa katikati, hiki kinene, basi meli itafute mpishi mwingine, viazi havijawahi kukataa kuchemka kwa sababu ya mtu… “Umepata, kaka?” mama bado kasimama palepale na miwani yake, na simuni, “wewe, unanisikia lakini?”, “nakusikia, dada, hebu niambie, vyombo vya mchana umeshaosha?”, “vyombo? bado, kwani nina mikono mingapi mimi, na vimejaa hapa mpaka…”, “basi usiviguse.”