Kabla ya Kikombe cha Tatu

...na kule chuo cha milimani wanafunzi wanaingia wodini mwaka wa pili, mwaka wa pili tu, kijitabu cha chuo kimesema wazi, Wubit amekisoma mpaka kurasa zimeachana, kila mwanafunzi azalishe wanawake thelathini kwa mikono yake ndipo aitwe daktari, ilhali chuo cha mji mkuu ni vitabu miaka mitatu, vitabu na maiti, halafu mnapelekwa hospitali kubwa mnakizunguka kitanda kimoja watu ishirini, walio nyuma wanaona visogo vya wenzao... shangazi Tirunesh anamimina kikombe cha pili, kahawa inashuka nyembamba kutoka kwenye buli la udongo, na baba anasema, "Mji mkuu, mwanangu, ukitaja chuo kile hata mkuu wa wilaya anakupisha," naye anaitika, "Ndiyo, Baba," fomu ya kuomba chuo iko magotini, mstari wa chaguo la kwanza mtupu, na katika nyumba hii neno zito husemwa kwenye kikombe cha tatu, kile cha baraka, hapo ndipo alipoposwa mama, ndipo lilipouzwa shamba la babu, na hakuna anayeinuka kabla yake, angeinuka, Mungu anajua angeinuka. "Mchagua jembe si mkulima," shangazi anamchokoza, "huyu atachagua vyuo mpaka wagonjwa wapone wenyewe," na baba anacheka, cheka tu Baba, wewe hukuwepo, ulikuwa umekimbilia kutafuta gari, nyuma ya pazia la ile hospitali ndogo ya kule tulikokuwa tunakaa zamani alikuwapo Wubit, ana miaka kumi, mama anavuja damu, mtoto hakulia, na daktari kijana, koti lake bado lina mikunjo ya dukani, akamwuliza muuguzi kwa sauti ya chini, "Naanzia wapi?"

Naanzia wapi... baadaye, mama amekwisha kukata roho, alimwona yule daktari kwenye bomba la ukutani anaosha mikono, anaosha, analia, na Wubit alifurahi kwamba analia, hajamwambia mtu hilo mpaka leo, alimchukia kwa roho yake yote, msomi wa mji mkuu, msomi wa visogo, akaapa atasoma mahali mkono unapoanza kazi mapema, kwa hiyo milimani, andika basi, milimani... "Kula shayiri ya kukaanga, umekonda," shangazi anasukuma sahani, na moshi wa ubani unamwingia machoni, kijitabu kinasema fursa tele za mafunzo kwa vitendo, tele, mbona tele? Kwa sababu kule wanawake hubebwa kwa machela siku nzima, daktari mkubwa ni mmoja, na anayefika hoi hamwambii mwanafunzi ondoa mikono yako niitie mwenye kujua, hawezi, ni maskini hohehahe, ni kama mama... kama mama kabisa. Na hao thelathini wana wa kwanza wao, yule ambaye mwanafunzi humshika bado hajui kitu. Yule kijana angejifunzia kwa nani, kama si kwa mwanamke mwingine, nyuma ya pazia jingine, na mtoto mwingine amekaa chini anasikiliza? Hilo ndilo Wubit alilokuwa akiliomba miaka yote hii, kanisani, kwa kufunga, kwamba laiti yule kijana angekuwa amekwisha kukosea kwa mama wa mtu mwingine, ee Mungu, hilo tu, na ameliita haki. "Ameinamisha kichwa kama bibi harusi," anasema shangazi, anaongeza maji kwenye buli, analirudisha jikoni juu ya makaa. Aandike milimani, aandike mji mkuu, mapema au kwa kuchelewa siku moja atainamia mtu na hatajua aanzie wapi, na mtu huyo yupo tayari, sasa hivi, mahali fulani, ana jina, pengine anachuja kahawa na kucheka na wifi yake, hajui kwamba Wubit amekaa hapa na kalamu anamchagua.

"Kinapoa hicho, mwanangu," anasema baba.

"Nakunywa, Baba," na kalamu bado haijaugusa mstari.