Bushi ya Upande wa Demani

Nahodha Muhidini hana kushoto wala kulia. Miaka ishirini na sita aliyokaa baharini alikuwa na goshi na demani tu: goshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Alipouza chombo akanunua pikapu ya kubebea nazi kutoka Baleni, alishuka nchi kavu na maneno yake yote. Boneti akaliita omo. Nyuma kwenye nazi, tezi. Sisi wa Kilindoni tukazoea, maana ukimrekebisha anakutazama mpaka unasahau ulitaka kusema nini.

Pikapu hiyo ilikuwa na ugonjwa wa kuvuta. Ukilegeza mkono kidogo kwenye usukani, inakwenda zake minazini. Na Luqmani fundi, ambaye banda lake limepakana na meza yangu ya chai, alikuwa na ugonjwa wake mwingine: Warda, binti wa Nahodha, anayekaa mbele na baba yake kila safari ya nazi. Baada ya Idi, ami yake Luqmani alipeleka posa. Nahodha hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Fundi aninyooshee gari. Likitoka hapa likafika Baleni bila kunivuta mkono, ndipo tutazungumza."

Mji mzima ulijua. Niliowaambia mimi ni wachache, wengine waliambiana wenyewe.

Jumanne asubuhi Nahodha akaleta gari, akaliegesha mbele ya banda, boneti linatazama gati. "Bushi ya upande wa demani imekufa," alimwambia Luqmani. "Ya goshini usiiguse. Na gari langu asiliendeshe mtu." Akaenda nyumbani kupumzika.

Jua lilikuwa linapiga usoni. Luqmani alitaka kivuli cha bati lake kifike kwenye magurudumu ya mbele, na kwa kuwa gari haliruhusiwi kuendeshwa, tulilisukuma. Sisi wote, mimi na leso yangu kiunoni, tukaligeuza mpaka boneti likaingia bandani na tezi ikaelekea gati. Ndipo Luqmani akaja mezani kwangu na kikombe kitupu.

"Dada Chiku," alisema kwa sauti ndogo, "demani ndiyo wapi?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimwambie baba yake Warda sijui demani?"

Nilimhurumia. Luqmani ni mtoto wa Baleni, mtu wa mihogo. Bahari anaijua kwa kuvuka tu, na akivuka anatapika. Nikamwambia, "Ni kule upepo unakokwenda, mwanangu." Nikashika ncha ya leso nikainyanyua. Upepo ulitoka msikitini, leso ikaelekea upande wa pili. "Kule."

Akaenda kule.

Bushi yenyewe si kitu kikubwa. Ni kipete cha chuma kinachokaa juu ya gurudumu la mbele, na tundu lake limetobolewa pembeni badala ya katikati. Ukikizungusha, gurudumu linalala. Ukikizungusha tena, linasimama wima. Gari linanyooshwa hapo. Lakini chuma na chumvi ya kisiwa hiki wakishakaa pamoja miaka, kuwatenganisha ni kazi ya kadhi.

Luqmani alianza na mafuta ya kulegeza kutu. Akasubiri. Akagonga kwa nyundo, si bushi yenyewe, bali chuma kilichoikumbatia, ili kishtuke kiachie. Hakikushtuka.

"Itie ndimu," alisema Shaabani, mvuvi wa Bwejuu aliyekuwa akingoja mashine yake ya boti itengenezwe.

"Ndimu ya nini?"

"Inalainisha."

"Hii si pweza, Shaabani."

"Najua. Pweza tunampiga mti. Wewe umeshapiga, haikusaidia, ndiyo nasema ndimu."

Dawoodbhai, mwenye duka la spea mkabala na banda, akavuka barabara na bushi mpya imefungwa kwenye gazeti. "Moja tu imekuja na boti," alisema. "Ukiiharibu, nyingine mpaka mwezi ujao. Umetazama tairi? Tairi husema lipi gurudumu bovu."

"Tairi zote nne vipara, Dawoodbhai. Hazisemi kitu."

Luqmani akawasha gesi, akachoma chuma mpaka kikawa rangi ya embe bivu. Akapiga. Wapi. Akaunganisha bomba, nati na bolti ndefu, akatengeneza kifaa cha kuing'oa kama jino. Bolti ikapinda. Watu wakawa wameshafika thelathini, kila mmoja ana binamu aliyewahi kung'oa bushi Dar es Salaam. Chai yangu iliisha mara mbili. Mwishowe Luqmani aliingiza msumeno wa chuma kwenye tundu akaipasua, akaisukuma kwa tindo, ikatoka vipande viwili kama kashata. Tukampigia makofi. Akatia mpya, akafunga, akanawa uso kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imepita na Nahodha alikuwa anakuja, Warda nyuma yake.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Umetoa ya demani?"

"Ya demani, Nahodha."

Mzee akapanda, binti akapanda. Wakarudi nyuma, wakaingia barabarani. Hatua mbili tatu tu Nahodha akaachia usukani, na pikapu ikaenda moja kwa moja kwenye baraza la Dawoodbhai. Ilisimama karibu na magunia ya vitunguu kiasi cha kuyanusa.

Nahodha akashuka taratibu. Akainama kutazama bushi inayong'aa, akahamia upande wa pili kutazama yenye kutu. "Umetoa ya goshini," alisema.

"Nimetoa ya demani," alisema Luqmani. "Upepo unatoka msikitini."

"Nani kasema?"

"Leso ya Dada Chiku."

Watu wote wakanigeukia. Nilijifanya nahesabu vikombe. Shaabani akalamba kidole akakiinua juu, na watu wengine kumi na tano wakafanya hivyo hivyo, barabara nzima imesimamisha vidole kama inashuhudia.

"Msikitini," alisema Shaabani. "Leso haikusema uongo."

"Basi fundi ni kipofu," alisema Nahodha. "Na mtu asiyejua demani sijui ataniongozea nini mwanangu."

Luqmani alishika spana kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Mlango wa pili wa gari ukafunguka. Warda huwa hasemi mbele ya watu, kwa hiyo tulinyamaza hata kabla hajafungua kinywa.

"Baba, asubuhi ulilisimamisha omo linatazama gati. Wao wakaligeuza. Demani ikahama."

"Demani haihami."

"Baba. Ukienda Baleni unasema linavuta demani. Ukirudi, unasema linavuta goshini. Mimi nimo humo ndani mwaka mzima. Linavuta upande ule ule."

Dawoodbhai akasema kwa upole, "Nahodha, sisi kwenye spea tunauza kushoto na kulia tu."

"Upi, Nahodha?" aliuliza Luqmani. "Nionyeshe kwa mkono."

Mzee alitazama mikono yake miwili kama vitu vya kuazima. Akainua mmoja. "Huu usioshika tonge."

"Kushoto," alisema Warda.

Bushi mpya haikuwapo. Lakini Luqmani alinyoosha ile bolti yake, akachoma chuma polepole zaidi, na safari hii hakumsikiliza mtu. Ya kushoto ikatoka nzima, inafuka moshi. Akaipangusa, akaigeuza kiganjani.

"Hii haijafa," alisema. "Imetiwa kinyume."

Nahodha akakohoa. Mwaka juzi fundi mwingine aliitia, na Nahodha alikuwa amemsimamia kichwani akimpa amri. Hakuna aliyeuliza amri zilikuwa za lugha gani.

Luqmani akaisafisha, akaizungusha, akairudisha mahali pake. Nahodha akapanda na Warda wake, hakuaga. Mbele ya duka aliachia usukani, akatoa mikono yote miwili nje ya dirisha tuione. Pikapu ikanyooka na barabara, ikapita magunia, ikapita msikiti, ikapita kona ya soko ambako ilibidi ashike, kisha akaachia tena. Tukangoja arudi. Hakurudi.

Saa nzima Luqmani alipanga spana zile zile. Alasiri simu yangu ikalia. Ni dada yangu Mwanamkuu, anayekaa Baleni.

"Chiku, kuna nini huko? Nahodha Muhidini kafika kwa ami yake Luqmani, yuko uani anakunywa maji. Kasema amekubali posa."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi gani? Binti yumo ndani ya gari, kajifunika leso kichwa kizima. Wanawake wa hapa wanauliza, posa gani hii, wameshaletewa mke, na wao hata mchele hawajachambua."

Nilishusha simu. Luqmani alikuwa amesimama mbele yangu, mafuta mpaka viwikoni.

"Kasema nini?" aliuliza.

"Vaa shati," nilimwambia, "utafute bodaboda."