Fimbo ya Kupima Majani

Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wa Mzee Nyamhanga wa Bunda walikuwa mbavu zenye pembe. Alibakiwa na tumaini moja: bwana mifugo akithibitisha kwamba malisho yamekwisha, serikali itawafungulia ng'ombe ranchi yake yenye majani.

Bwana mifugo akaja na fimbo ya betri, mtambo mtukufu uliopima wingi wa majani kwa kuhisi maji yaliyomo. Kwa heshima ya mgeni, Mama Boke, mke wa mzee, alikuwa amenyunyiza maji hadi malishoni ili kutuliza vumbi, na mashina ya nyasi yakalowa.

Fimbo ilipochomekwa, ikalia kwa shangwe.

"Mzee, una majani mengi!"

"Wapi, bwana? Si uangalie chini!"

"Ofisini hawataki macho yangu. Wanataka namba ya mashine."

"Hayo ni maji ya Mama Boke! Tuliyamwaga kwa heshima yako!"

"Basi kama maji ya kumwaga yapo, ukame uko wapi?"

Ranchi haikufunguliwa. Jioni ng'ombe walinusa malisho yao mengi, wakalala. Nyamhanga alimvuta mkia ng'ombe jike mmoja mkubwa ili asimame, akavuta tena, kisha akauachia.