Nakala ya Faustine

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya dawa kabla zahanati ile binafsi ya Kisarawe haijanunua kompyuta. Hakikuwa na dirisha. Holo alijifungia humo tangu saa mbili asubuhi. Nje, kina mama zaidi ya arobaini walisubiri chanjo za watoto wao, na kumbukumbu zote zilikuwa kwenye mfumo alioutengeneza yeye kwa Python, lugha ya kuandikia programu.

Toleo jipya lilikuwa limefanya kazi wiki nzima kwenye seva ya majaribio, nyumbani kwake Sofu, Kibaha. Hapa liligoma. Python ya seva hii ilikuwa ya zamani mno. Na toleo lililokuwepo alishalifuta, ili apate nafasi diski ilipojaa. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Muuguzi mkuu, Hajira, aligonga. "Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, mama." Ilikuwa mara ya tatu kumjibu hivyo.

Nakala ya toleo hilo la zamani ilikuwa kwa mtu mmoja tu: Faustine wa Tangini, aliyeanza naye kazi hii. Faustine alikuwa amemwonya kwamba seva ya majaribio haifanani na hii ya kazi. Holo akamwambia, mbele ya uongozi wa zahanati, kwamba woga wake unawachelewesha. Faustine akajitoa. Miezi minne sasa hawajasalimiana.

Aliishika simu muda mrefu. Mtoto akalia nje, wa pili akamfuata. Akapiga.

"Nimefuta kila kitu," alisema. "Ulikuwa sahihi, na mimi nilikudhalilisha. Naomba nakala yako."

"Data zipo?" Faustine aliuliza.

"Zipo."

"Usiguse kitu kingine. Natuma."

Faili lilikuwa linaingia taratibu. Holo alifungua mlango, akamweleza Hajira ukweli wote. Hajira hakufoka. Alimpa daftari. "Wenye kadi za chanjo tunaanza nao. Kaa hapa uandike."

Aliandika watoto ishirini na sita, bila kuthubutu kuwatazama mama zao.

Saa saba mchana mfumo wa zamani uliwaka, Faustine akimwelekeza kwa simu hatua kwa hatua. Holo alipoanza kumshukuru, Faustine alisema tu, "Sawa," akakata.

Holo alirudi stoo kuingiza yale majina. Safari hii mlango aliuacha wazi.